Mlima Wetu Ulipimwa na Nani? Majibu kwa Madai Yanayosikika Gakoromone

Katika soko la Gakoromone bei hufuata mvua. Mvua ya Oktoba ikichelewa kule Kibirichia na Timau, gunia la viazi hupanda. Ikimwagika bila kipimo, barabara za mashambani hukatika na ndizi huoza kabla ya kupata gari. Ndiyo maana watu wa Meru huzungumza sana juu ya tabianchi, na huizungumza kwa uzito. Kila mazungumzo hayo yanapochemka, madai yale yale hujitokeza. Mengine husemwa na wasioamini kwamba tabianchi inabadilika. Mengine husemwa na wanaoamini kabisa lakini wameamini jambo lisilo sahihi, na hayo ndiyo yanayonisumbua zaidi, kwa kuwa mtetezi mwenye hoja mbovu humpa mpinzani ushindi wa bure.

Nitayajibu nikiwa na msimamo, na heri niuseme mapema. Sehemu muhimu ya yale ambayo dunia inayajua kuhusu tabianchi ya ukanda wa ikweta ilipimwa juu ya mlima huu, Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimara, na kwenye matope ya ziwa lililo ndani ya msitu wetu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishiriki kazi hiyo kwa miongo mingi. Anayeiita elimu ya kigeni hajui historia ya mlima anaoutazama kila asubuhi.

Dai linalosikika zaidi ni hili: kwamba mabadiliko ya tabianchi ni hadithi ya Wazungu, iliyoletwa na miradi ya wafadhili, na kwamba vyuo vyetu viliidaka pale fedha zilipoanza kumiminika.

Mwanzo wa habari uko Ulaya kweli. John Tyndall alionyesha maabarani London mwaka 1859 kwamba hewa ya ukaa hunasa joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius, mjini Stockholm, alipiga hesabu ya kiasi ambacho dunia ingepashwa joto iwapo hewa hiyo ingeongezeka maradufu. Hata hapa mlimani waliotangulia kuandika walikuwa wageni. J. W. Gregory alifika kwenye barafu ya Lewis, mojawapo ya barafu za mlima huu, mwaka 1893, na mwaka 1899 Halford Mackinder wa Chuo Kikuu cha Oxford akapanda hadi kileleni na kuchora ramani. Mizigo yake ilibebwa na Waswahili wa pwani na Wakikuyu, ambao majina yao hayakupewa kilele hata kimoja. Wajerumani walifuata mwaka 1934 na kuipima barafu ya Lewis kwa picha, na kipimo chao ndicho kinachotumiwa hadi leo kama mahali pa kuanzia hesabu.

Lakini hadithi haikuishia 1934. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 1970, kikiwa na idara ya meteorolojia na idara ya upimaji ardhi. Katikati ya muongo huo Stefan Hastenrath, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, alianza kazi ya miaka mingi kwenye barafu za mlima huu. Ramani mpya ya Lewis iliyochapishwa mwaka 1977 ina majina mawili, lake na la R. A. Caukwell, mpimaji wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye R. S. Rostom, naye wa Nairobi, aliendelea na ramani hizo hadi zile zinazoonyesha hali ya mwaka 1993. Kazi yenyewe ilikuwa ya subira kubwa. Ndege hupita na kupiga picha, kisha mpimaji huketi Nairobi akizioanisha picha mbili mbili ili asome urefu wa kila sehemu ya barafu, na tofauti ya ramani moja na nyingine ndiyo inayosema barafu imepungua kwa kiasi gani. Kule juu, vijiti vilipandwa kwenye barafu na kusomwa tena na tena, kuanzia 1978 hadi 1996. Hakuna barafu nyingine ya ukanda wa joto iliyokuwa na rekodi ndefu na kamili kuishinda hiyo. Kazi hiyo ilipoanza, neno tabianchi halikuwa na mradi wala mfadhili wa kugombaniwa.

Halafu kuna Wakenya wenyewe. Laban Ogallo, profesa wa meteorolojia wa Nairobi aliyefariki mwaka 2020, alichapisha mwaka 1988 uchunguzi ulioonyesha jinsi mvua za misimu ya Afrika Mashariki zinavyofungamana na mwenendo wa Bahari ya Pasifiki. Hiyo ilikuwa miaka tisa kabla ya El Niño ya 1997 kuwafundisha watu wote neno hilo kwa mafuriko. Richard Odingo, mwanajiografia wa chuo hicho hicho, alikuwa makamu mwenyekiti wa IPCC, lile jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, wakati jopo hilo lilipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2007 pamoja na Al Gore.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili kwa fahari na kudai kwamba Nairobi ndiyo iliyogundua kuongezeka kwa joto duniani. Hapana. Kipimo cha hewa ya ukaa kilichoishtua dunia kilianzishwa na Charles Keeling mwaka 1958 kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii. Mchango wa Nairobi ni mwingine: kuusoma ukanda wa ikweta, mahali ambapo rekodi zilikuwa chache mno. Huo unatosha, na hauhitaji kutiwa chumvi.

Dai la pili lina akili ndani yake, kwa hiyo nitakaa nalo. Husemwa: tabianchi imekuwa ikibadilika tangu zamani, hata kabla ya magari na viwanda, basi mbona leo tulaumu moshi?

Ni kweli kwamba ilibadilika, na ushahidi mmoja bora kabisa upo hapa kwetu. Katika msitu wa mteremko wa kaskazini-mashariki wa mlima, si mbali na mji wa Meru, kuna ziwa dogo la volkano, kwenye mwinuko wa mita 2,350 hivi, ambalo maandishi ya kisayansi huliita Sacred Lake. Mwanabotania J. A. Coetzee, wa chuo kikuu cha Bloemfontein, Afrika Kusini, alitoboa matope ya ziwa hilo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1964 na 1967. Chavua ya maua na miti huanguka ziwani kila mwaka, huzama, na ganda lake haliozi. Ukiyatoa matope kwa tabaka, ukahesabu chavua kwa hadubini na kupima umri wa tabaka kwa kaboni, unapata orodha ya mimea iliyokuwa mlimani kwa zaidi ya miaka 30,000. Coetzee aliona kwamba wakati wa enzi ya barafu mimea ile ya juu, ya baridi na upepo, ilikuwa imeshuka mlimani kwa takriban mita elfu moja. Mahali penye msitu mnene leo palikuwa na mimea ya nyanda za juu zenye baridi kali. Zama hizo wanasayansi wengi walikuwa bado wanabishana kama enzi ya barafu iliigusa ikweta kwa baridi au kwa mvua tu.

Miaka thelathini baadaye ziwa lile lile lilitoa jambo jingine. Mwaka 1997 kundi lililoongozwa na Alayne Street-Perrott, ambalo Daniel Olago wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikuwa mmoja wa wanachama wake, lilipima kaboni iliyomo katika mabaki ya nta ya majani na ya miani kwenye matope hayo. Waligundua kwamba baridi peke yake haikueleza kila kitu. Hewa ya ukaa ilikuwa chache mno wakati huo, na uchache huo wenyewe uliipa nyasi nafasi ya kuishinda miti mlimani. Yaani matope ya Meru yanashuhudia kwamba kiasi cha hewa ya ukaa kikibadilika, mlima mzima hubadilika nacho.

Sasa linganisheni viwango. Katika enzi ya barafu hewa hiyo ilikuwa karibu sehemu 190 kwa milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa 280. Keeling alipoanza kupima ilikuwa 315. Leo imepita 420. Kutoka enzi ya barafu dunia ilipata joto la nyuzi chache, tano hivi, kwa muda wa maelfu ya miaka. Sisi tumeongeza zaidi ya nyuzi moja tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokea baada ya 1970, ndani ya umri wa watu wanaouza sokoni leo. Anayesema tabianchi hubadilika tangu zamani analitaja ziwa bila kujua, na ziwa linamjibu kwamba mabadiliko yana sababu, na sababu yenyewe inapimika.

Dai la tatu linatoka kwa marafiki. Barafu ya mlima imeisha, wanasema, kwa sababu tulikata msitu.

Naelewa linatoka wapi. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilifanya uchunguzi kwa ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare, na kilichoonekana kilitia aibu: miti mikubwa ya mbao imeangushwa, makaa, mashamba ya bangi katikati ya msitu. Aliyeuona msitu wa Imenti miaka hiyo hahitaji kusimuliwa. Lakini tazama tarehe. Barafu ya Lewis ilikuwa inarudi nyuma tangu mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa imepungua ilipopimwa 1934, ikapungua tena ilipopimwa 1963. Msumeno wa miaka ya 1990 hauwezi kuwa sababu ya jambo lililoanza miaka mia moja kabla yake.

Hastenrath na mwenzake Kruss walichambua sababu hizo. Kupungua kwa mwanzo kulihusiana sana na ukavu: mvua na mawingu vilipungua Afrika Mashariki karibu na 1880, theluji mpya ikawa chache na jua likapata nafasi. Kwa kipindi cha 1963 hadi 1987 mambo yalikuwa mengine, na katika makala yao ya mwaka 1992 walikihusisha kipindi hicho na gesi zinazonasa joto. Suala la msitu nalo lilichunguzwa moja kwa moja kule Kilimanjaro. Thomas Mölg na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba kubadilika kwa misitu ya mteremko kulichangia kidogo tu katika kuisha kwa barafu.

Msitu una kazi nyingine, kubwa kuliko kulinda barafu, na hapo ndipo tunapokutana na dai la nne, ambalo nimelisikia hata kwa walimu: barafu ikiisha, Kathita na mito yetu yote itakauka.

Twende kwa hesabu. Upimaji wa picha za setilaiti wa mwaka 2021 na 2022 uliona kwamba barafu yote iliyobaki Mlima Kenya ni kilomita za mraba 0.069. Hizo ni hekta saba zisizotimia, kama ekari 17 za shamba. Tuchukulie kwamba barafu yote hiyo inapoteza unene wa mita nzima kwa mwaka mmoja. Maji yake ni chini ya mita za ujazo 70,000. Mto mdogo unaopitisha mita moja ya ujazo kwa sekunde hupitisha mita 86,400 kwa siku moja. Yaani maji ya barafu ya mwaka mzima hayaufikishi mto huo mdogo mwisho wa siku ya kwanza.

Mito yetu huishi kwa mvua inayonyesha kwenye msitu na kwenye nyanda za juu yake, inayozama ardhini na kutoka polepole wakati wa kiangazi. Watafiti waliofanya kazi Nanyuki kwa miongo mingi, Wakenya pamoja na Chuo Kikuu cha Bern cha Uswisi, waliufuatilia mfumo wa Ewaso Ng'iro na kuonyesha kwamba kupungua kwa maji ya kiangazi kunatokana sana na maji yanayochotwa juu, kwa mifereji na mabomba ya umwagiliaji. Huu ni ukweli usiopendeza, maana barafu haina mwenyewe wa kushtakiwa, na bomba linaye. Tukiendelea kuwaambia vijana kwamba mto umepungua kwa sababu barafu imeisha, tunamwachia huru anayechota usiku bila kibali, na tunausahau msitu ambao ndio hazina ya maji yenyewe.

Dai la tano ni la wanaocheka: wanasayansi walisema theluji ya Kilimanjaro itaisha kati ya 2015 na 2020. Mbona ipo?

Walisema, ndiyo. Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alitoboa barafu za Kilimanjaro mwaka 2000, na mwaka 2002 yeye na wenzake wakaandika kwamba hali ikiendelea vile barafu ingetoweka katika miaka hiyo. Utabiri haukutimia kwa tarehe. Lakini wa kwanza kuupinga walikuwa wanasayansi wenzake. Mwaka 2004 Georg Kaser wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, na wenzake walieleza kwamba kisa cha Kilimanjaro kina mambo mengi ndani yake, ukavu ukiwa mmojawapo mkubwa, na hakifai kusomwa kama kipimajoto cha kawaida. Elimu inayojipinga hadharani na kujirekebisha ndiyo elimu ya kuaminika. Na mcheko unapungua ukitazama eneo lenyewe: kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912, karibu mbili na nusu mwaka 2000, chini ya moja mwaka 2021 na 2022. Aliyekosea kwa miaka michache ya tarehe hakukosea uelekeo. Hapa kwetu barafu ya Gregory ilikwisha kabisa karibu na mwaka 2011.

Kuhusu wale wanaosema Kenya haichafui hewa, kwa hiyo jambo hili halituhusu, nitasema kwa ufupi. Mchango wetu ni mdogo sana, chini ya asilimia moja ya uchafu wa dunia, na kwa sababu hiyo tuna haki ya kudai fidia. Mdai haendi mezani bila vipimo. Ukame wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, uliomaliza mifugo ya majirani zetu wa Isiolo, ulichunguzwa na kundi la kimataifa lililokuwa na Mkenya Joyce Kimutai, nalo likasema mwaka 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliufanya ukame kama huo uwe na uwezekano mkubwa zaidi kwa angalau mara mia moja. Kauli ya namna hiyo hutolewa na mwenye rekodi.

Linabaki dai linaloniuma, kwa sababu nusu yake ni kweli: chuo kikuu kimemfanyia nini mkulima?

Nusu isiyo kweli kwanza. Meru na Embu, kwa kuwa zipo mashariki ya mlima, hutegemea sana mvua ya Oktoba hadi Desemba. Mvua hiyo huongozwa na joto la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, na bahari hubadilika polepole, kwa hiyo inatabirika vizuri kuliko ile ya Machi hadi Mei. Uhusiano huo ndio Ogallo na wenzake walioufanyia kazi. Kutokana na kazi ya namna hiyo Nairobi ikawa na kituo cha kufuatilia ukame tangu 1989, kilichokuja kuwa ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za ukanda huu, ambacho Ogallo alikiongoza, na tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika hukutana kabla ya msimu kutoa utabiri wa pamoja. Mkulima wa Imenti anayesikia redioni mwezi wa Septemba kwamba mvua itakuwa chini ya wastani anasikia matunda ya kazi iliyoanzia chuoni. Embu nako, Daniel Mugendi, aliyekuja kuwa makamu chansela wa Chuo Kikuu cha Embu, alifanya utafiti wake wa miaka ya 1990 mashambani huko huko, juu ya kupanda mahindi pamoja na kaliandra na lukina ili udongo upate rutuba.

Na nusu iliyo kweli. Utabiri ukitoka ni wa eneo pana mno, na mteremko wetu hubadilika kwa kilomita chache: Kibirichia si Nkubu, Nkubu si Tharaka. Kuhusu mvua ya Machi, mifano ya kompyuta kwa muda mrefu imesema itaongezeka ilhali vipimo tangu miaka ya 1980 vimeonyesha ikipungua. Mkulima anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, badala ya kupewa ramani yenye rangi nzuri. Tena makala za mlima huu ziko katika majarida ya Ulaya na Marekani, kwa lugha na bei ambazo mtu wa Gakoromone hazipati. Hapo vyuo vina deni.

Mwisho kuna wanaosema kwamba kwa kuwa barafu inaisha, kazi ya kupima nayo imekwisha. Hili lingekuwa kosa kubwa kuliko yote. Rekodi ya Lewis ilikatika 1996 kazi ya Hastenrath ilipofikia tamati. Ikaanzishwa upya na watu wa Innsbruck, ambao walikuta mwaka 2010 kwamba asilimia 90 ya ujazo wa 1934 imetoweka, kisha vipimo hivyo navyo vikasimama mwaka 2014. Mara zote mbili rekodi ilikufa pamoja na mradi wa chuo cha mbali. Kituo cha kupima hewa kilichopo mlimani tangu 1999, kwenye mwinuko wa mita 3,678, kinaendeshwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na kinahitaji majirani.

Majirani hao wapo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, kuna Chuka, kuna Embu, vyote vikiwa na hati zao kamili kabla ya mwisho wa 2016, vyote chini ya mlima. Kinachotakiwa kupimwa sasa ni mvua ya kila mwinuko kutoka msituni hadi Tharaka, maji ya Kathita wakati wa kiangazi, joto la udongo kwenye mashamba ya viazi na majani chai. Vifaa vyake ni vya bei nafuu kuliko safari ya kwenda kileleni. Kinachotakiwa ni nafasi ya kudumu ya mwanafunzi mmoja wa uzamili kila mwaka katika bajeti ya chuo chenyewe, data iwekwe wazi kwa Kiswahili na Kimeru, na mkuu wa idara atakayehakikisha kwamba daftari halifungwi siku ambayo fedha za wafadhili zinaisha.